Mke wa Mkulima Aliyeandikwa kwa Maneno Mawili

Mwezi wa Agosti mwaka 1870, karani wa sensa alipita katika mbuga za wilaya ya Montgomery, jimbo la Kansas, nchini Marekani, akiandika majina ya walowezi waliojenga vibanda vya magogo katika nchi isiyokuwa yao. Miongoni mwa kaya alizoziandika ilikuwamo ya Charles Ingalls. Mkewe aliitwa Caroline, umri wake miaka 30, na mwezi huo huo, tarehe 3, alijifungua mtoto wa tatu.

Maagizo waliyopewa makarani mwaka ule yalikuwa wazi. Mwanamke anayefanya kazi za nyumbani kwa mshahara aandikiwe kazi yake. Ama mke anayefanya kazi hizo hizo kwa ajili ya jamaa zake, na aandikwe kwamba “anatunza nyumba”. Basi. Kukamua ng’ombe, kusukasuka maziwa yatoe siagi, kushona nguo za watu watano, kulima bustani ya mboga, kuuguza wenye homa na kulinda mlango bwana akiwa safarini, yote hayo yaliingia katika maneno hayo mawili.

Wasomaji wengi wanamfahamu Caroline kupitia vitabu vya binti yake wa pili, Laura Ingalls Wilder, vilivyoanza kutoka mwaka 1932, na mchezo wa televisheni ulioonyeshwa Marekani tangu 1974 hadi 1983. Huko yeye ni “Mama” mpole, asiyechoka, mwenye kurekebisha lugha ya wanawe. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Lakini mtu akitaka kumjua mke wa mkulima wa karne ya 19 jinsi alivyoishi, hana budi kuweka hadithi pembeni kwa muda na kufungua madaftari, na humo ndimo shida inapoanza, kwa kuwa madaftari hayakutengenezwa kwa ajili ya wake.

Caroline Quiner alizaliwa tarehe 12 Desemba 1839 huko Wisconsin. Katika sensa ya mwaka 1840, ni jina la mkuu wa kaya peke yake lililoandikwa. Mkewe na wanawe walikuwa hesabu tu ndani ya visanduku vya umri. Mtoto wa kike wa miezi kadhaa alikuwa tarakimu katika safu ya wasichana walio chini ya miaka mitano. Ni sensa ya mwaka 1850 iliyokuwa ya kwanza kumwandika kila mtu huru kwa jina lake. Nasema kila mtu huru, maana watumwa waliandikwa katika karatasi za peke yao, bila majina, chini ya jina la bwana wao. Hata katika kusahauliwa, ndugu msomaji, kulikuwa na tabaka.

Baba yake alipotea mwaka 1845, meli ilipozama katika Ziwa Michigan. Caroline alifundisha shule akiwa kijana, na tarehe 1 Februari 1860 akaolewa na Charles. Miaka miwili baadaye kaka yake Joseph alifariki kutokana na majeraha aliyoyapata katika vita vya Shiloh. Hapa askari kama mimi nitasita kidogo. Sheria ya Julai 1862 iliwapa wajane wa askari pensheni, na ili kuipata ilimlazimu mjane athibitishe ndoa yake, tarehe za kuzaliwa kwa watoto wake, na kifo cha mumewe, kwa viapo na mashahidi. Kwa sababu hiyo majalada ya pensheni yamekuwa hazina kwa watafutao historia za jamaa zao. Mwanamke ambaye mumewe alirudi salama, au hakwenda vitani kabisa, hakufunguliwa jalada la namna hiyo. Ilibidi mume afe ndipo serikali imwulize mke habari zake.

Mambo hayakuwa tofauti sana katika ardhi. Sheria ya mwaka 1862 iliyogawa mashamba ya ekari 160 ilimruhusu mwanamke asiye na mume, ama mjane, kuomba shamba. Mke wa mtu hakuruhusiwa, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya. Charles aliomba shamba karibu na De Smet, Dakota, mwaka 1880, akathibitisha haki yake mwaka 1886 baada ya kueleza mbele ya maofisa na mashahidi nyumba aliyoijenga na ardhi aliyoilima. Katika karatasi za namna hiyo mke hutajwa pamoja na watoto, kama sehemu ya kuonyesha kwamba mwombaji kweli anaishi hapo.

Je, mtu amfuate vipi mwanamke ambaye kila karatasi inamzungumza mumewe? Tulipokuwa makadeti tulifundishwa kwamba ukipotea porini na ramani mkononi, usitegemee alama moja. Tafuta mlima unaoujua, upime. Tafuta na mwingine, upime. Mistari miwili itakapokutana, hapo ndipo ulipo. Kwa Caroline, alama zenyewe ni watoto wake.

Chukua Kansas. Laura alipoandika kitabu chake cha mwaka 1935, alikumbuka kwamba kibanda chao kilikuwa maili 40 kutoka mji wa Independence, na akajionyesha kuwa msichana mwenye umri wa kuyakumbuka mambo. Lakini Biblia ya familia inasema mdogo wake Carrie alizaliwa katika wilaya ya Montgomery tarehe 3 Agosti 1870, na sensa ya mwezi huo inawaweka jamaa hao katika tarafa ya Rutland, wilaya hiyo hiyo. Mistari miwili imekutana: kibanda kilikuwa maili 13 hivi kutoka mjini, na Laura alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mengi aliyoyasimulia aliyasikia kwa wazazi wake. Kwa hiyo kitabu kinachodhaniwa kuwa kumbukumbu za mtoto kina ndani yake, kwa kiasi kikubwa, kumbukumbu za mama.

Karatasi hiyo ya sensa ina jambo jingine. Katika safu ya thamani ya ardhi karani hakuwajazia walowezi kitu, akaeleza kwamba ardhi ilikuwa mali ya Waosage na walowezi hawakuwa na hati. Waosage walikuwa kabila lenye nchi hiyo, na mwezi mmoja kabla, Julai 1870, Bunge la Marekani lilikwisha kupitisha sheria ya kuwahamisha waende kusini. Hivyo Caroline alijifungua juu ya ardhi ambayo wenyewe walikuwa wakifungishwa mizigo. Mimi sioni vema kumhurumia huyu nikawasahau wale. Karani yule wa sensa hakuwasahau.

Sasa tazama sensa ya mwaka 1880, jamaa hao wakiwa Dakota. Hii ndiyo ya kwanza iliyoonyesha uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na mahali pa kuzaliwa pameandikwa pia. Mary, ambaye alipofuka mwaka uliotangulia, alizaliwa Wisconsin mwaka 1865. Laura, Wisconsin, 1867. Carrie, Kansas, 1870. Grace, Iowa, 1877. Ukisoma safu hiyo kutoka juu kwenda chini, umesoma safari ya mama: aliondoka na watoto wawili, akapata wa tatu njiani, na kumbe aliishi hata Iowa, jambo ambalo vitabu vya bintiye havilisimulii.

Lakini kati ya Carrie na Grace pana nafasi ya karibu miaka saba. Kwa mwanamke aliyekuwa akizaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, nafasi kama hiyo yapasa kumshtua mtafutaji.

Biblia ndiyo inayojibu. Tarehe 1 Novemba 1875, karibu na Walnut Grove, Minnesota, Caroline alimzaa mwana, Charles Frederick, wakamwita Freddy. Ilikuwa miaka ya nzige. Makundi ya nzige wa Milima ya Rocky yaliteketeza ngano ya Minnesota mwaka baada ya mwaka tangu 1873, na mwishoni mwa 1875 Charles Ingalls alitia sahihi mbele ya maofisa wa wilaya akikiri kwamba hana uwezo wowote, ili apewe unga wa msaada. Karatasi ile inamtaja yeye aliyeuomba. Haimtaji aliyekuwa nyumbani akinyonyesha, ambaye ndiye angeupika.

Mavuno ya 1876 nayo yakaharibika. Wakafunga mizigo kuelekea Burr Oak, Iowa, kusaidia kazi za hoteli, na njiani wakapumzika kwa jamaa zao mashariki ya Minnesota. Huko, tarehe 27 Agosti 1876, Freddy alifariki. Hakuwa ametimiza miezi kumi.

Sensa ilifanyika kila baada ya miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa baada ya ile ya 1870 akafariki kabla ya ile ya 1880 hakuandikwa katika yo yote. Laura naye alimwacha nje ya vitabu vyake vya watoto. Alimtaja katika mswada wa maisha yake uliokuja kuchapishwa mwaka 2014, miaka 57 baada ya kifo chake.

Laiti sensa ya mwaka 1890 ingekuwapo! Hiyo ilikuwa ya kwanza kumwuliza mwanamke amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Moto uliotokea Washington Januari 1921 uliharibu sehemu kubwa ya karatasi zake, na zilizosalia karibu zote zikateketezwa baadaye. Swali lile likaulizwa tena mwaka 1900. Caroline alikuwa De Smet, mwenye miaka 60, mama wa watoto watano ambao wanne walikuwa hai. Kwa mtu anayezijua karatasi hizi, tofauti ya tarakimu hizo mbili yatosha kumpeleka kwenye Biblia. Na hapo tena serikali, kwa mara moja, ilimwuliza mke jambo ambalo mumewe hakuweza kuwa mhusika mkuu wake.

Charles alifariki mwaka 1902. Caroline aliishi De Smet pamoja na Mary hadi alipofariki mwenyewe, tarehe 20 Aprili 1924, siku ya Pasaka. Kaburi lake lipo katika makaburi ya mji huo, karibu na la mumewe, na wageni hulitembelea. La Freddy, mashariki ya Minnesota, halina alama, na hakuna awezaye kuonyesha mahali lilipo.