Njia za Mbio Kuzunguka Boma la Mbulu

Mtu akifika Mbulu alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni, huona jambo ambalo sisi wenyeji hatulitazami tena kwa kulizoea. Vijana wawili watatu hutokea katika ukungu, hupanda kilima kwa mwendo ule ule waliotumia kushuka, pumzi zao zikitoka kama moshi, kisha hupotea. Mgeni huuliza wanakimbilia nini. Hawakimbilii kitu, wanafuata njia. Habari za njia hizo ndizo twataka kuzieleza katika maongezi haya: zapita wapi, zafanya kazi gani katika mwili wa mtu, na kwa nini baadhi yake zimekaribia kutoweka.

Kwanza yafaa tuujue mji wenyewe. Kiini cha Mbulu ni boma walilolianzisha Wajerumani kabla ya vita ya 1914, na baada ya vita Waingereza nao wakaufanya mji huo makao ya wilaya. Lakini nchi hii ilikuwa na ngome kabla ya boma. Upande wa mashariki pana ukingo mkubwa wa Bonde la Ufa, ukuta wa mawe na msitu. Wairaqw wa zamani walikaa juu ya ukuta huo, katika milima ya Kainam na Mama Isara, nchi ambayo wenyewe huiita Irqwar Da'aw. Nyumba zao walizichimba ubavuni mwa kilima, paa likalingana na ardhi ya juu, hata adui aliyekuja kutafuta ng'ombe aliweza kupita karibu asijue kwamba amekanyaga nyumba ya watu. Ngome ya namna hii haina lango. Ina vijia vya miguu tu, vyembamba, vinavyofuata migongo ya vilima na kuteremka kwenye vijito, na mtu asiyevijua huchelewa. Njia nyingi wanazokimbia vijana leo ni za namna hiyo hiyo. Hazikukatwa kwa ajili ya mchezo.

Sasa natuangalie hewa. Mji wa Mbulu uko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kainam hukaribia mita 2,000 au huzipita. Hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,800 mtu avutapo pumzi moja hupata kama sehemu nne tu kati ya tano za oksijeni aipatayo mtu wa Pangani kwa pumzi ile ile. Mwili hutambua upungufu huo. Figo hutoa kichocheo kiingiacho katika damu, nacho huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi, na chembe hizo ndizo wapagazi wa oksijeni. Kazi hii si ya siku moja, huchukua majuma. Kwa hiyo mgeni atokaye pwani asishindane na mtoto wa Kainam katika juma la kwanza, maana wapagazi wake bado ni wachache.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba mlima peke yake hufanya mkimbiaji. Dunia ina milima mingi isiyojulikana kwa mbio. Mlima hutoa damu nzuri. Miguu hufundishwa na njia, na moyo hufundishwa na mambo mengine.

Mfano mzuri ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, ulio juu kiasi cha mita 2,240. Katika michezo ile hewa nyepesi iliwasumbua wengi, na mbio ndefu zilichukuliwa na Waafrika: Naftali Temu wa Kenya mita 10,000, Mohammed Gammoudi wa Tunisia mita 5,000, Mamo Wolde wa Ethiopia marathoni. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Alifika uwanjani giza limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, wa 57 na wa mwisho katika waliomaliza, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili amalize.

Habari hiyo yajulikana duniani pote, nasi twajivunia. Lakini twaona si haki kumkumbuka mtu kwa goti lake tu. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alimaliza marathoni wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Huyo alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na mkasa, wala si mnyonge aliyevumilia.

Wengine walimfuata. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, mwendo ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na kwa ajabu ni mji huo huo ambamo Fabiano Joseph alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005. Gabriel Geay alikimbia marathoni ya Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Na mwaka 2025 jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimshinda Mjerumani kwa kifua tu; saa zao ziliandikwa sawa sawa.

Basi turudi njiani. Njia ya kwanza ya anayeanza ni ile ya bondeni, kuzunguka mji, isiyo na mlima wa kutisha. Haina mengi ya kusimulia, ila wakati wa soko imejaa pikipiki, na anayeitaka aamke mapema. Iko pia ile iendayo ziwa Tlawi, ziwa dogo lenye mashamba kandokando, nzuri kwa mbio ndefu za polepole.

Ile tuipendayo ni ya kupanda Kainam. Hapo kila mwinuko hufuatwa na mteremko, na mwanafunzi hajui kama amepanda mara nane au tisa. Udongo wake, ukiwa mkavu, hupokea mguu kwa upole kuliko lami. Na kwa kuwa kijia chenyewe ni chembamba, chenye mizizi na mawe, mguu haukanyagi mara mbili namna moja. Vifundo vya miguu na misuli midogo ya nyayo hufanya kazi ambayo barabara iliyonyoka haiwapi. Mtu hupita kati ya mashamba madogo yaliyotunzwa kwa samadi tangu zamani. Hupita uani kwa watu, na yapasa kusalimu hata kama pumzi imekwisha. Desturi hiyo twaisisitiza kwa wanafunzi wetu kwa sababu mbili. Ya pili ni kwamba anayeweza kutamka salamu yote bila kukatika anakimbia kwa mwendo ufaao mbio ndefu. Asiyeweza amezidisha, na apunguze.

Barabara ya Magara ni jambo lingine. Hiyo yashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, na wengi hudhani kushuka ni kupumzika. Sivyo. Mtu ashukapo, msuli wa paja hunyooshwa huku ukijikaza kuzuia uzito wa mwili, na kwa kazi hiyo ya breki nyuzi zake huchanika vipande vidogo vidogo. Maumivu hayaji siku ile. Huja kesho yake na kesho kutwa. Mwaka mmoja sisi wenyewe, kwa kutojua, tuliwateremsha wanafunzi ishirini mbio hata chini, tukajisifu jioni kwa mwendo wao. Siku ya pili hakuna aliyeweza kuchuchumaa, na darasani walikaa kama wazee wenye baridi yabisi. Tangu hapo twapanda mbio, twashuka kwa miguu.

Upande wa Hanang, wakimbiaji wa Katesh wana tambarare mbele yao na mlima wa mita 3,420 nyuma yao. Kileleni oksijeni ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na huko si mahali pa mbio. Lakini mlima una hatari nyingine. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na miti viliporomoka kutoka Hanang vikifuata makorongo hata Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Korongo lililo kavu huonekana njia nzuri ya mbio, maana lina mchanga laini na halina magari. Wakati wa mvua lisikanyagwe, hata kama mbingu juu ya kichwa ni nyeupe, kwa kuwa mvua yaweza kuwa inanyesha mlimani.

Neno moja kwa wazazi. Magdalena Shauri, Mtanzania mwenzetu, alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Binti wa Mbulu hakosi damu wala miguu. Hukosa saa moja ya asubuhi, maana saa hiyo yuko kisimani na ndoo, na kaka yake yuko njiani.

Sasa habari ya kutoweka. Mkoa wa Manyara ulihesabiwa watu 1,425,131 mwaka 2012, na mwaka 2022 ukahesabiwa 1,892,502. Ardhi haikuongezeka. Kijia cha miguu hakina hati wala mwenyewe, kwa hiyo jembe likihitaji nafasi hula kijia kwanza. Vijana husukumwa barabarani, kwenye malori na vumbi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Kijiji kipangapo matumizi ya ardhi yake, hukumbuka malisho, shule na makaburi. Njia ya miguu nayo yaweza kuandikwa humo, lakini mara nyingi hakuna anayeitaja mkutanoni.

Mwaka jana tulikwenda na wanafunzi kupima njia yetu moja ya kilimani kwa hatua. Ghafula tukafika penye vitunguu saumu, matuta mazuri, hatua kama mia mbili, na mzee amesimama na jembe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Mmepotea?”

“Hatukupotea, mzee. Njia ndiyo iliyopotea.”

“Haikupotea, iko chini ya vitunguu. Shamba alilolima baba yangu peke yake, leo wanangu watano wamegawana. Niambie, mwalimu, nani kati yao alime pungufu ili ninyi mkimbie?”

Hatukuwa na jibu, tukakaa chini. Baada ya mazungumzo marefu alituonyesha ukingo wa shamba, pale maji ya mvua yanapochukua udongo wake kila mwaka. Akasema tukimchimbia mtaro wa kuzuia maji na kupanda majani kingoni, kando ya mtaro tupite. Wanafunzi walichimba Jumamosi tatu. Sasa njia huzunguka shamba, imezidi hatua arobaini, na ina kona kali ambapo kila mtu hana budi kupunguza mwendo. Wakimbiaji huilalamikia sana kona hiyo. Mzee huwa ameketi hapo asubuhi, na wasipotimia idadi ya jana huuliza ni nani aliyelala.