"Usininukuu" Haimfungi Anayesemwa

Mkutano na waandishi umekwisha. Mheshimiwa anamvuta mwandishi mmoja pembeni, anashusha sauti: "Hapa usininukuu, ndugu yangu, lakini yule mkurugenzi ni mwizi." Anaondoka akiamini hajasema kitu.

Kisheria amesema. Sheria ya kashfa ya Kiingereza, ambayo Kenya na Tanzania ziliirithi, haisubiri maneno yafike gazetini. Yakisikiwa na mtu mmoja tu mbali na anayesemwa, yameshatangazwa. Masikio ya mwandishi yanatosha. Kashfa ya mdomo kwa kawaida humtaka mdai aonyeshe hasara aliyoipata, ila Sheria ya Kashfa ya Kenya, Sura ya 36, humwondolea mzigo huo pale maneno yanapolenga kumchafua katika cheo, taaluma au biashara yake. (Kama mkurugenzi ni mwizi kweli, na ushahidi upo, hilo ni jambo jingine.)

Na gazeti likiyachapa? Mwaka 2001 Victoria Beckham alidaiwa kuwaambia wateja wa duka moja la Bluewater, Uingereza, kwamba saini ya mumewe iliyokuwa ikiuzwa pale ni bandia. Habari ikatapakaa magazetini, wenye duka wakamshtaki. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu kudai hata hasara iliyoletwa na magazeti, iwapo msemaji angeweza kutarajia kwamba maneno yake yangerudiwa. Mwaka uliofuata shauri liliisha kwa radhi na fidia ya pauni 55,000. Sasa aliyemnong'oneza mwandishi atasema hakutarajia? Atasema alikataza. Utetezi huo si mbaya, lakini haufuti mnong'ono wenyewe.

Kinachowaokoa wengi ni kwamba anayesemwa hajui nani kasema. Pazia hilo limeshikwa na mwandishi, na mhariri wake anaweza kuliangusha. Mwaka 1982, uchaguzi wa Minnesota ukikaribia, Dan Cohen, mtu wa kampeni za Republican, aliwapa waandishi nyaraka za mahakama kuhusu Marlene Johnson, mgombea unaibu gavana wa upande wa pili: aliwahi kutiwa hatiani kwa kuchukua vitu vya kushonea vya dola 6, hukumu iliyokuja kufutwa. Waliahidi kumficha. Wahariri wa magazeti mawili wakamtaja, na siku hiyohiyo akapoteza kazi. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa hoja kwamba uhuru wa habari unawakinga wahariri waliovunja ahadi. Cohen alipata fidia ya dola 200,000.

Nyaraka zake, lakini, zilikuwa za kweli. Zingekuwa za uongo, ahadi ile ingempa haki ya kuyadai magazeti, si kinga mbele ya Johnson, ambaye hata hivyo alishinda uchaguzi.