Kupisha Reli: Mombasa na Gharama ya Ujenzi

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Reli ya kisasa, maarufu kama SGR, ilitarajiwa Mombasa kwa moyo huo. Ujenzi wake ulianza mwaka 2014, na mnamo Mei 31, 2017 gari la abiria likazinduliwa kwa safari ya takriban kilomita 470 hadi Nairobi. Makala haya yananuia kueleza namna ujenzi wa aina hii unavyotatiza usafiri na maisha ya mji, na kwa nini matatizo hayaishi siku ya kukata utepe.

Kwanza, tuliangalie umbo la mji wenyewe. Kitovu cha Mombasa ni kisiwa. Atokaye kusini huvuka Likoni kwa feri, wa kaskazini hupita Daraja la Nyali, naye wa magharibi hupita Makupa. Njia hiyo ya magharibi, ipitayo Changamwe, Jomvu na Miritini, ndiyo barabara kuu ya Nairobi, na ndiyo ya malori ya bandari. Katika miji mingine barabara ikifungwa, dereva huzunguka kwa nyingine. Hapa pa kuzungukia ni haba. Malori ya mchanga na kokoto yanapoongezwa katika njia kama hiyo, foleni haimkawizi dereva peke yake. Humkawiza pia mwanafunzi, mgonjwa na mchuuzi wa samaki.

Pili, kuna tuta. Gari zito na la kasi halipandi miinuko mikali, hivyo vilima hukatwa na mabonde hufukiwa. Tuta likishainuka huwa ukuta. Kijia kilichomfikisha mtoto shuleni hukatika mpaka pajengwe kivuko cha chini, na kivuko kikiwa mbali, mwendo wa dakika chache hugeuka safari. Maji ya mvua nayo, yakikosa mfereji, hutafuta mlango wa mtu.

Tatu, kuna suala la kituo. Stesheni ya zamani ilikuwa kisiwani, mjini penyewe. Ile mpya ilijengwa Miritini, bara. Reli ilipofunguliwa, abiria aliyeshuka huko alilazimika kupanda matatu na kupitia Changamwe na Makupa, katika barabara ile ile iliyokwisha kulemewa.

Nne, riziki. Agosti 2019 liliingia agizo kwamba mizigo iendayo Nairobi na maeneo ya ndani isafirishwe kwa reli. Wakaazi wa Mombasa waliandamana, kwani lori halimlishi mwenyewe tu. Humlisha utingo, fundi wa magurudumu, karani na mama auzaye chakula kando ya njia. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo zingerudishwa Mombasa. Lakini miaka mitatu ya njaa hairudishwi kwa tangazo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna jambo la kuongeza hapa. Magazeti yetu huandika kwamba wakaazi wamehama "kupisha ujenzi". Kitenzi pisha ni kauli ya kutendesha ya pita, na katika mila zetu ni neno la adabu: apishwaye huomba njia, hupita, hushukuru, na aliyempisha hurudi mahali pake. Katika ujenzi wa reli, aliyepisha harudi. Neno la heshima limefanywa pazia la kumfunika aliyehamishwa.

Reli si adui. Mji wa bandari hauwezi kuishi bila njia. Hata hivyo, adabu ya kupisha ina masharti yake. Fidia itangulie tingatinga. Kivuko kijengwe kabla ya tuta. Tangazo la kufungwa kwa barabara litolewe mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mwenda kwa miguu. Hapo ndipo mgeni atakapokuwa amekuja, na mwenyeji naye akapona.