Palma ikirudi hewani, nani atapokea?

Palma, mji wa mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, uliposhambuliwa na waasi tarehe 24 Machi 2021, simu zilikatika mapema. Jamaa waliokuwa katika miji ya Pemba na Nampula, na ng'ambo ya mto Ruvuma kule Mtwara, wakawa wanapiga namba zisizoita. Hayo yameandikwa sana. Kisichoandikwa ni kinachotokea mnara unapowaka tena: simu zote zilizokuwa kimya hutafuta huduma kwa mkupuo, na mwenye huduma huzidiwa papo hapo.

Tuseme ipo ofisi Pemba inayoandikisha waliokimbia makwao. Kufikia 2022 watu waliokimbia vita vya Cabo Delgado walikaribia milioni moja. Ofisi ina seva tatu za kawaida, na mbele yake kompyuta ya Linux inayofanya kazi ya faiawoli, yaani kuchuja kinachoingia na kinachotoka. Fedha za mtambo maalumu wa kugawa mzigo hazipo. Si lazima ziwepo. Programu ya iptables, iliyokuja na Linux 2.4 mwaka 2001, inaweza kuzigawia seva hizo kazi kwa sheria tatu fupi.

Fupi, ila zina mtego. Sheria husomwa kuanzia juu kwenda chini, na kila moja huona tu kile ambacho iliyotangulia imekiacha. Fundi mwenye haraka huandika theluthi kwa seva ya kwanza, theluthi kwa ya pili, theluthi kwa ya tatu, akaenda zake kunywa chai. Yakiingia maombi 900, ya kwanza hupata 300. Ya pili hupata theluthi ya 600 yaliyosalia, yaani 200. Ya tatu huambulia kama 133, na 267 hayana pa kwenda. Hesabu sahihi ni theluthi, kisha nusu, kisha ya mwisho ibebe chochote kilichobaki. Kubernetes, mfumo unaoendesha huduma za makampuni makubwa duniani, nao umetumia hesabu hiihii kwa miaka.

Mafungu hayo hugawiwa kwa bahati nasibu, nayo huchezwa mara moja tu kwa kila muunganisho, paketi yake ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha data, inapofika. Linux huandika uamuzi huo katika daftari lake, na paketi zinazofuata huelekezwa kulekule. Abiria wa Tandanhangue aliyekwisha kupanda mashua ya kwenda kisiwa cha Ibo habadilishiwi chombo katikati ya mkondo.

Lakini simu moja hufungua miunganisho mingi. Mama anayejaza fomu ya wanawe anaweza kuanza kwenye seva ya kwanza, na ukurasa wa pili ukampeleka kwenye ya tatu, isiyomjua kabisa. Vitabu hushauri kugawa kwa anwani ya mtumaji, ili kila mtu arudi alikoanzia. Ushauri huo hautufai sana pwani hii. Kampuni za simu huficha wateja wengi nyuma ya anwani chache, hivyo mji mzima unaweza kuonekana kama mtu mmoja na kurundikwa kwenye seva moja huku nyingine zimelala. Mimi ningeacha mgawo wa bahati nasibu, kisha taarifa za fomu zikae kwenye hifadhidata moja ambayo seva zote tatu zinaisoma.

Kuna upungufu mkubwa kuliko huo: sheria hizi hazijui kama seva i hai. Jenereta ikizimika na seva ya pili ikafa, iptables itaendelea kuipelekea fungu lake bila wasiwasi. Inabidi kuwe na programu ndogo inayoziulizia hali seva kila baada ya sekunde chache, na kuifuta sheria ya isiyojibu. Hata hapo uwiano hubadilika: zikibaki mbili, ya kwanza hupewa nusu. Na lile daftari bado linakumbuka. Muunganisho ulioanza kabla seva haijafa huendelea kuelekezwa kwenye seva hiyohiyo, na muda wa kawaida wa Linux kuusahau ni siku 5, isipokuwa fundi aufute kwa mkono.