Daktari Mpya katika Uwanda wa Ufipa

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, lililo mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna ukuta wa Lyamba lya Mfipa, unaoshuka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko juu, zaidi ya mita 1,700, ukipakana na milima ya Mbizi ambayo vilele vyake hukaribia mita 2,400. Daktari anayepangiwa kituo chake cha kwanza mkoani Rukwa anaweza kujikuta uwandani penye baridi, au bondeni penye joto kali, au kando ya Tanganyika ambako kuna vijiji vinavyofikika kwa boti kwa urahisi kuliko kwa gari. Popote atakapokuwa, mteremko huo utaamua sehemu kubwa ya kazi yake, kwa sababu mara nyingi mgonjwa yuko upande mmoja na chumba cha upasuaji kiko upande wa pili.

Anapofika huko amekwisha kusoma udaktari kwa miaka mitano katika vyuo kama Muhimbili, Bugando au KCMC, kisha akamaliza mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali kubwa, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika likamsajili. Akiajiriwa na serikali kwa ajili ya vituo vya wilayani, mwajiri wake huwa halmashauri, na bosi wake wa kitaaluma ni mganga mkuu wa wilaya. Wakati wa utarajali kila uamuzi mzito ulikuwa na bingwa nyuma yake. Kituoni wilayani Kalambo au Nkasi bingwa anaweza kuwa sauti ya simu tu, pale ambapo mtandao unashika.

Ngazi za huduma huanzia zahanati ya kijiji, hupanda kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Sumbawanga. Kinachoshindikana hapo hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, safari ya takriban kilomita 330 kupitia Laela na Tunduma. Lami kati ya Tunduma na Sumbawanga ni ya muongo uliopita. Kabla yake, safari hiyo wakati wa masika ingeweza kuchukua siku nzima au zaidi, na wauguzi wakongwe bado wanaizungumzia. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga kila kijiji kipate zahanati na kila kata ipate kituo cha afya. Lengo halikutimia lote, lakini tangu 2017 vituo vingi vya afya nchini vimejengewa chumba cha upasuaji wa dharura. Hapo ndipo madaktari vijana wengi hupelekwa sasa. Jengo limekamilika, vitanda vimefika, na anayetakiwa ni mtu wa kushika kisu.

Mtu huyo haanzi peke yake, na akidhani yuko peke yake atafanya makosa. Kituoni atamkuta mkunga aliyezalisha wanawake kwa miaka ishirini, na tabibu anayejua ni ukoo gani una wagonjwa wa seli mundu na ni kitongoji gani hunywa maji ya mto. Pengine atamkuta pia daktari msaidizi, mmoja wa kundi lililoanza kufundishwa nchini miaka ya 1960. Kwa miongo mingi watu hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji katika wilaya za pembezoni, wakati daktari mwenye shahada alikuwa haonekani. Kwa cheo, kijana ni mkubwa wao. Kwa umri, huwasalimu shikamoo kila asubuhi, na humwita muuguzi mkuu mama hata anapomwandikia maagizo. Daktari mwenye busara huuliza kabla ya kuagiza. Mkunga akisema, "Dokta, huyu sioni kama atajifungua hapa," sentensi hiyo ina uzito sawa na kipimo cha maabara.

Magonjwa yenyewe hubadilika kadiri mtu anavyoshuka. Vimelea vya malaria kali vinahitaji joto ili vikue ndani ya mbu, na joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi ukuaji wake husimama. Ndiyo sababu malaria ni hafifu juu ya uwanda, ambako Juni na Julai watu hujifunika mablanketi hadi jua lichomoze, na ni nzito kwenye bonde la Rukwa na kando ya Tanganyika. Hatari kubwa zaidi iko kwa wanaovuka. Mkulima wa uwandani anayeshuka bondeni kulima mpunga au kuvua samaki hana kinga ambayo wenyeji wa huko wameijenga tangu utotoni, hivyo anaweza kurudi kwake na homa inayopanda kichwani haraka. Daktari aliyezoea kuuliza umri na dalili pekee hujifunza kuongeza swali moja: "Wiki mbili tatu hizi ulikuwa wapi?"

Huko huko bondeni na ziwani, kipindupindu kimelipuka zaidi ya mara moja, hasa penye kambi za uvuvi na maji ya visima vifupi. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao wameleta lugha nyingine kwenye chumba cha daktari, na mara nyingi mhudumu wa afya wa jamii ndiye mkalimani. Juu uwandani kinachojaza wodi ya watoto msimu wa baridi ni nimonia. Huongezeka pia watoto walioungua, kwa kuwa familia hukaa karibu na moto jikoni.

Kuna tatizo moja ambalo halitoshi kutajwa kwa kupita. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania kwa mahindi, na malori ya nafaka hushuka kutoka Sumbawanga kila baada ya mavuno. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa watoto 56 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini wakati huo. Utafiti wa 2022 ulikuta bado karibu nusu ya watoto wa umri huo wako hivyo. Udumavu hauonekani kwa macho kama njaa. Mtoto ana tumbo lililoshiba ugali, anacheza, ila ni mfupi kwa umri wake na akili yake imenyimwa virutubisho katika miaka miwili ya mwanzo ambayo hairudi. Sababu zake zinafuatana. Uji ni wa mahindi matupu, maharage yanauzwa, na mama yuko shambani toka alfajiri na mtoto ananyonya mara chache. Kuhara humaliza kile kidogo kilicholiwa, na wasichana wengi huzaa kabla miili yao haijakomaa. Hakuna sindano ya hali hiyo. Daktari anayetaka kuipunguza hulazimika kutoka wodini, kwenda na timu ya huduma ya mkoba siku ya chanjo, kupima urefu wa watoto chini ya mwembe, na kuzungumza na akina baba, ambao ndio huamua gunia lipi liuzwe. Ni kazi isiyo na sifa za haraka, na pengine ndiyo muhimu kuliko zote anazozifanya.

Lakini usiku, kinachomwamsha ni uzazi. Vifo vya wajawazito Tanzania vimepungua sana: tafiti za kitaifa zilikadiria 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015–16, na 104 mwaka 2022. Vinavyobaki husababishwa zaidi na kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi na uchungu pingamizi. Yote hayo hugeuza saa kuwa kipimo cha uhai.

Chombo kilichoundwa kwa ajili ya mazingira ya namna hii ni chati ya uchungu. Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walichapisha chati yenye mistari miwili. Wa kwanza ni wa tahadhari, wa pili ni wa kuchukua hatua, na kati yake kuna saa nne. Saa hizo ziliachwa kwa makusudi: ni muda wa kumtoa mama kwenye kliniki ya mbali na kumfikisha hospitali kabla mambo hayajaharibika. Shirika la Afya Duniani lilileta mwongozo mpya mwaka 2020 usiotumia mistari hiyo, lakini hoja ya saa hizo nne ingali hai Ufipa. Mhudumu wa zahanati ya bondeni karibu na Muze anayesubiri hadi ahakikishe kwamba mama ameshindwa amekwisha kula muda wa kupanda mlima. Rufaa nzuri huandikwa mgonjwa angali anaweza kutembea.

Kwa daktari wa kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, uamuzi una pande mbili. Anaweza kupasua mwenyewe, kama kuna mtaalamu wa usingizi, umeme au jenereta yenye mafuta, na damu. Damu ndiyo hukosekana zaidi, na aghalabu hupatikana kwa ndugu waliosindikiza mgonjwa, wengine wakiwa na woga mkubwa wa sindano kuliko wa safari. Kama kimoja kati ya hivyo hakipo, lazima asafirishe. Tangu mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama uanze kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, kituo hupiga namba 115 bila malipo, na mratibu hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijamii aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa safari. Mfumo huo umeokoa wengi. Haujengi daraja lililosombwa na maji mwezi Machi, na kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika kama Wampembe bado ziwa likichafuka safari husubiri.

Wapo pia wanaochelewa kwa kupitia kwanza kwa mganga wa jadi, au kwa kunywa dawa za miti za kuongeza uchungu, ambazo zinaweza kupasua mfuko wa uzazi. Daktari anayewagombeza husababisha wenzao wafiche. Anayefahamiana na waganga wa eneo lake, wengi wao wakiwa wazee wanaoheshimika, mara nyingine huletewa mgonjwa na mganga mwenyewe.

Eneo hili lina historia ya daktari aliyekaa. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari huko Algeria na kusomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akaoa huko, na akatibu watu hadi kifo chake mwaka 1956, miaka 67 baadaye. Hospitali ya Jimbo Katoliki mjini Sumbawanga ina jina lake. Alikuwa mgeni kuliko daktari yeyote anayepangiwa Rukwa leo, na alifanya kazi bila lami wala simu.

Haifai, hata hivyo, kumtaka kila kijana awe Atiman. Wanaoondoka huondoka kwa sababu zinazoeleweka: nyumba ya mtumishi haipo au inavuja, mwenza ana kazi Dodoma, posho za zamu zimechelewa, na zamu zenyewe hazina wa kupokezana naye. Taasisi ya Benjamin Mkapa ililiona hili mapema ilipojenga nyumba za watumishi wa afya katika mikoa ya pembezoni, na halmashauri zinazofanya vivyo hivyo hubaki na watu wao. Nyumba yenye maji iliyo jirani na kituo huokoa pia wagonjwa, maana daktari anayeitwa saa nane usiku hufika kwa dakika tano.

Baada ya mwaka wa majaribio daktari huthibitishwa kazini, na tangu hapo anaweza kuomba ruhusa ya kusomea ubingwa. Wengi huomba. Rukwa inawahitaji mabingwa wa uzazi, watoto, upasuaji na usingizi, lakini bingwa akirudi hupangiwa hospitali ya mkoa mjini Sumbawanga, wala si kituo alichotoka. Kituo kile hupata daktari mpya mwingine, na mkunga yule yule humweleza ni barabara ipi hupitika mwezi Machi.