Mtoto wa Mungu Aliyefutwa Jina

Gwyn, mfalme wa miungu, alikuwa na mtoto wa kwanza wa kiume, mungu wa vita. Mtoto huyo akafanya upumbavu fulani, akavuliwa uungu, na jina lake likafutwa katika tarikhi. Upumbavu gani? Hatuambiwi. Jina gani? Halijulikani. Anayetaka kumtafuta ana pete moja, dua moja ya kivita iliyoachwa juu ya jeneza, na madhabahu moja yenye sanamu iliyobomolewa.

Msihangaike kumtafuta Gwyn katika dini ya taifa lolote. Ni mhusika wa Dark Souls, gemu iliyotengenezwa na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo na kutolewa mwaka 2011. Hata hivyo, kwa karibu miaka mitano wachezaji wa nchi nyingi walimgombania mtoto huyo kama ndugu wanaogombea mirathi. Ni nani? Yuko wapi? Au tumeshampita njiani bila kumtambua? Ubishi wa aina hiyo ndio huitwa nadharia za mashabiki, na kwenye gemu za kampuni hii umekuwa sehemu ya mchezo wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Tanga. Gemu hizi nililetewa na mtoto wa dada yangu, ambaye likizo zake huja na PlayStation ndani ya begi la nguo. Kazi tumegawana: yeye anapigana, mimi ninasoma. Kila akiokota kitu, namtaka asimame nisome maelezo yake. “Mamdogo, hayo maandishi hayasaidii kumpiga bosi,” hunung’unika. Kweli hayasaidii. Ila yanasaidia kujua bosi huyo, yaani adui mkubwa wa sehemu hiyo, ni nani, na sisi tuna ugomvi gani naye.

Hadithi iliyovunjwa vipande

Kwenye mabanda ya gemu ya mtaani kwetu mpira ndio mfalme. Mechi moja unalipa, unacheza, unampisha mwenzako. Dark Souls haichezeki hivyo. Inataka saa nyingi, na mwanzoni inakupa filamu fupi tu: zamani dunia ilikuwa ya kijivu, ikitawaliwa na majoka yasiyokufa, ukawaka Moto wa Kwanza, wachache wakaokota roho zenye nguvu ndani ya moto ule, Gwyn akiwa mmoja wao, wakayashinda majoka. Kisha unatupwa gerezani, na tangu hapo hakuna wa kukaa chini akusimulie.

Hadithi iliyobaki imetawanywa. Nyingine iko kwenye majengo na maiti, ukitazama nani amelala wapi na ameshika nini. Nyingine iko midomoni mwa watu wachache unaokutana nao. Na kubwa zaidi iko kwenye begi lako: kila upanga, pete na vazi lina maelezo ya sentensi tatu nne, ambayo wachezaji wengi huyaruka.

Aliyeujenga mtindo huu ni Hidetaka Miyazaki. Amesimulia katika mahojiano kwamba alikulia Shizuoka, katika familia isiyokuwa na fedha za kununua vitabu. Akawa anaviazima maktaba, vikiwemo vitabu vya Kiingereza vilivyomzidi kimo. Pale aliposhindwa kuelewa alitazama picha, akaziba pengo kwa kufikiri mwenyewe. Alijiunga na FromSoftware mwaka 2004 akiwa na miaka 29, baada ya kuacha kazi katika kampuni nyingine, na mwaka 2009 akatoa Demon’s Souls. Mapengo tunayoyakuta kwenye gemu zake hayakuachwa kwa uvivu. Ameyaacha makusudi, ili mchezaji afanye alichokuwa akifanya yeye utotoni.

Mwalimu wa historia hapo lazima achangamke. Kidato cha kwanza tunaanza na vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale. Dark Souls ina vyote vitatu, na ina mtego uleule wa kila chanzo, kwamba msimulizi naye ana lake. Wako nyoka wawili wa kale, Frampt na Kaathe. Mmoja anakuhimiza umrithi Gwyn na kuuchochea Moto usizimike. Mwingine anakwambia Gwyn ndiye aliyewalaghai binadamu, na kwamba zama za giza ni zenu kwa haki. Kila mmoja anakuhitaji kwa shughuli yake. Anayewanukuu kama mashahidi wasio na upande atapotea mapema.

Kesi ya mtoto wa kwanza

Turudi kwa mwana wa Gwyn. Mtuhumiwa aliyependwa kuliko wote alikuwa Solaire wa Astora, askari mcheshi unayemkuta akilitazama jua kutoka kwenye ukingo wa ngome, si mbali na ile madhabahu yenye sanamu iliyobomolewa. Kifuani ana jua kubwa. Anaabudu jua, na Gwyn ni mungu wa jua. Anatafuta jua lake mwenyewe, yaani, wakasema mashabiki, anamtafuta baba yake bila kujua. Na ukimwokoa asiharibike akili, unaweza kumwita akusaidie kupigana na Gwyn mwishoni kabisa. Mwana dhidi ya baba! Nani asingetaka iwe kweli?

Wengine walimtaja Andre, mhunzi mwenye ndevu nyeupe na mabega mapana, anayefua chuma kwenye jengo la karibu. Anafanana na Gwyn, na amekaa jirani na madhabahu. Hoja ikaishia hapo.

Ila maandishi yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Maelezo ya vazi la Solaire yanasema wazi kuwa lile jua alilichora mwenyewe, na halina nguvu yoyote. Upanga wake unaelezwa kuwa upanga wa kawaida, uliotunzwa vizuri, na basi. Hakuna kilichofichwa pale. Ni mtu wa kawaida aliyejichorea alama kubwa kifuani akaiishi, na kwangu huyo ni mtu wa ajabu kuliko mwana wa mfalme aliyesahau asili yake. Mashabiki waliisoma sentensi hiyo wakairuka. Walidhani maneno mepesi kiasi hicho lazima yawe pazia.

Jibu likaja mwaka 2016, katika Dark Souls III. Baada ya kumshinda bosi mmoja ambaye si lazima kupigana naye, unaokota ishara ya mwili, namna ya kukaa kitako kama mtu anayetafakari. Ukienda kwenye ukingo wa gereza la Irithyll ukakaa hivyo kando ya mzoga uliokaa vilevile, unahamishwa hadi kilele cha majoka. Huko unapiga kengele, mawingu yanajaa chini yako, na anatokea mfalme amepanda joka la tufani, radi mkononi. Anaitwa Mfalme Asiye na Jina. Taji lake linaeleza kwamba aliwahi kuwa mungu wa vita aliyeua majoka, kisha akatoa kila alichokuwa nacho ili aungane na majoka hayohayo. Upumbavu wake ndio huo: alikwenda upande wa maadui wa baba yake.

Hata hapo gemu haisemi moja kwa moja kwamba huyu ndiye mwana wa Gwyn. Ila mungu wa vita, radi, uungu uliopotea, jina lisilokuwepo, vyote vinakaa mahali pake bila kulazimishwa. Wale waliokuwa wamekariri maelezo ya pete na dua, na kukataa kumvalisha mtu yeyote taji kabla ya wakati, walimtambua alipotokea tu.

Kidani kisicho na kazi

Kuna kisa kingine kinachoonyesha fundisho hilohilo, la kuamini kilichoandikwa, kwa ukali zaidi. Unapoanza Dark Souls unachagua zawadi moja ya safari: ufunguo, darubini, pete na kadhalika. Mojawapo ni kidani, na maelezo yake yanasema hakina kazi, ila kumbukumbu njema humfaa msafiri wa njia ngumu. Kabla gemu haijatoka, Miyazaki aliulizwa angechagua nini. Akajibu angechukua kidani, au asichukue kitu kabisa.

Jibu hilo liliwasha moto. Watu walikijaribu katika kila chumba, wakakipeleka kwa kila mhusika, wakatafuta mlango wa siri unaofunguka kwa kidani. Walichopata ni kwamba ukikiweka kwenye kiota cha kunguru fulani, atakubadilishia kitu kingine. Mwaka 2012 Miyazaki akakiri kuwa alikuwa anawatania. Kidani hakikuwa na siri, na maelezo yake yalikuwa yameshasema hivyo kwa kinywa kipana.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hekaya za gemu hizi zimefichwa kwa mafumbo. Zimeandikwa. Macho hudanganya kuliko maandishi. Katika jiji la Anor Londo unamkuta Gwynevere, binti Gwyn, jitu la kike lililojilaza likikupokea kwa upole. Pete inayobeba jina lake inaeleza kwamba alishaondoka mjini pamoja na miungu wengine akaolewa kwingine. Sasa huyu aliyelala hapa ni nani? Mchezaji mwenye shaka humfyatulia mshale. Anatoweka, jua linazama papo hapo, na jiji zima linabaki gizani. Alikuwa kiini macho kilichotengenezwa na ndugu yake Gwyndolin, na hata ule mwanga wa jua ulikuwa wa uongo.

Herufi tatu na sanamu moja

Elden Ring, gemu nyingine ya FromSoftware, iliyotoka tarehe 25 Februari 2022 na kuuza zaidi ya nakala milioni 20 ndani ya mwaka mmoja, iliongeza jina zito: George R. R. Martin, mwandishi Mmarekani, ndiye aliyeandika hekaya ya kale ambayo timu ya Miyazaki iliivunja na kujengea gemu juu ya vifusi vyake. Mashabiki wakaona kwamba majina ya wakubwa wa hadithi yanaanza kwa G, R au M: Godfrey, Godrick, Radagon, Ranni, Marika, Malenia. Wakatangaza kuwa Martin ameficha herufi za jina lake. Mwenyewe aliipuuza hoja hiyo. Afiche jina lake ndani kwa sababu gani, wakati limeandikwa nje?

Wakati watu wanahesabu herufi, siri kubwa ya gemu ilikuwa imesimama ukumbini. Malkia Marika ni mungu wa nchi hiyo, na Radagon ni mume wake wa pili. Katika jiji la Leyndell ipo sanamu ya Radagon, na mbele yake ujumbe unaodokeza kwamba siri hufichuka kwa kurejesha vitu asili yake. Ipo dua yenye kazi hiyo, na kuisoma kunahitaji akili ya kiwango cha 37. Ukiisoma pale, sanamu inageuka kuwa ya Marika, na maandishi yanatokea: Radagon ni Marika. Mume na mke ni mwili mmoja! Ukishalijua hilo, kila ugomvi wa ukoo ule unausoma upya. Na ukimwona Marika ametundikwa ndani ya mti mkuu wa nchi hiyo, ubavu umechomwa, ni rahisi kumkumbuka Odin wa hekaya za watu wa Kaskazini ya Ulaya, aliyening’inia mtini usiku tisa akiwa na jeraha la mkuki ili azipate runi, herufi zao za kale.

Ubishi wetu wa nyumbani

Mpwa wangu ana nadharia yake, na si yake peke yake. Anaamini kwamba Melina, msichana wa Elden Ring asiye na mwili anayekuongoza safarini, ndiye Malkia wa Macho ya Utusitusi, aliyeongoza wauaji wa miungu kwa moto mweusi kabla ya kushindwa vitani. Ushahidi wake ni jicho la kushoto la Melina, ambalo daima limefumbwa na lina alama juu yake. Katika mwisho mmoja wa gemu analifumbua. Lina rangi ya utusitusi, naye anaapa kukuletea mauti.

Hoja si dhaifu. Kisu cha Melina nacho kinaelezwa kwa maneno yanayomuunganisha na moto na mauti. Lakini maelezo hayohayo yanamtaja kama mtu aliyepewa wajibu zamani akaondoka kuutimiza. Hayamtaji kama mtawala aliyeshindwa vita. Nyongeza kubwa ya Juni 2024, Shadow of the Erdtree, nayo haikumaliza kesi.

“Lakini Mamdogo,” akaniambia, “kama walimfutia jina, utalikuta limeandikwa wapi?”

Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kufutwa nako huandikwa. Katika gemu hizi anayenyang’anywa jina huachiwa angalau sentensi moja inayosema amenyang’anywa. Anionyeshe sentensi ya namna hiyo kuhusu Melina, kwenye kisu, pete au kitambaa chochote, nami nitamwita malkia. Naye amekubali kwamba ikipatikana sentensi inayowataja hao wawili wakiwa mahali pamoja, ataiacha nadharia yake. Kwa hilo namsifu kuliko jicho alilolitazama vizuri: anajua ni kitu gani kitamshinda.