Labour ilivyoongoza kwa kura ikakosa serikali 1951

KUONGOZA kwa kura si lazima kuwe kutwaa serikali. Waingereza walilishuhudia hilo katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 25, 1951, ambapo chama kilichopigiwa kura nyingi zaidi kiliishia kuwa upinzani.

Waziri Mkuu Clement Attlee wa chama cha Labour aliitisha uchaguzi huo akitafuta wabunge zaidi, kwani ule wa Februari 1950 ulikuwa umempa wingi wa viti 5 pekee. Matokeo yalipotangazwa, Labour ilikuwa na takriban kura milioni 13.9, huku Conservative ya Winston Churchill na washirika wake wakipata milioni 13.7. Lakini kati ya viti 625 vya bunge, upande wa Churchill ulitwaa 321 na Labour 295. Liberal iliambulia 6.

Kiini cha kitendawili hicho ni mfumo wenyewe. Kila eneo bunge humchagua mbunge mmoja, na anayewapita wenzake hata kwa kura moja ndiye mshindi. Labour ilijizolea kura tele katika ngome zake za wafanyakazi na wachimba makaa ya mawe. Kura hizo za ziada hazikuiongezea kiti hata kimoja. Wapinzani wake walishinda kwingi kwa pengo dogo, na katika maeneo manne ya Ireland Kaskazini wagombea wao walipita bila kupingwa, hivyo hakuna kura iliyopigwa huko.

Isitoshe, Liberal, iliyokuwa imeishiwa na fedha, ilipunguza wagombea wake kutoka 475 hadi 109. Wengi wa wafuasi wake waliokosa mgombea waliegemea Conservative.

Churchill, aliyekuwa na umri wa miaka 76, alirejea mamlakani, na chama chake kikatawala hadi 1964. Ni serikali hiyo iliyokuwa London wakati hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya mnamo Oktoba 20, 1952, kabla ya mwaka kutimia tangu uchaguzi huo.

Kenya ilirithi mfumo huo, na hadi leo wabunge wa maeneo bunge huchaguliwa vivyo hivyo. Kwa chama chochote, basi, swali si kura ngapi kimepata tu, bali pia kimezipata wapi.